Ndege Isiyotua Mtwara

Kila asubuhi Ziada alifagia uwanja wa nyumba yao kabla jua halijapanda juu ya milima ya mawe ya Masasi. Akimaliza aliosha vyombo, akavaa sare na kwenda shule. Alikuwa darasa la sita. Njiani, madereva wa bodaboda waliokuwa kijiweni walimpungia mkono wakimwita, "Rubani! Leo unaruka kwenda wapi?"

Ziada hakuwa amewahi kupanda ndege. Jina hilo alilipata siku Mwalimu Ambrosi alipomtaka kila mwanafunzi aeleze habari za usafiri fulani. Wenzake walieleza mabasi na pikipiki. Yeye alieleza shirika la ndege la Mbayuwayu, linalojulikana kwa nauli nafuu. Habari zote alizisoma katika jarida ambalo mjomba wake alilipata ndani ya ndege ya shirika hilo, miaka minne iliyopita.

Alilieleza darasa kwamba Mbayuwayu ilianza na ndege moja tu ya pangaboi, tena ya kukodi, iliyoruka kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Nauli ilikuwa ndogo kwa sababu abiria hawakupewa chakula, na mwenye mzigo mkubwa aliulipia kando. Ndege zilizoongezwa baadaye zote zilikuwa za aina moja, hivyo mafundi walijifunza mashine moja na vipuri vilikuwa vilevile. Tena ndege ikitua haikai sana. Abiria wanashuka, wengine wanapanda, inaondoka. Mwishowe shirika likawa na ndege tano, likafika Mbeya, Songea na Mtwara. Darasa zima lilimpigia makofi.

Tangu hapo majirani walimuuliza kila jambo la ndege. Mwanzoni alijibu aliyoyajua. Kidogo kidogo akaanza kujibu hata asiyoyajua, maana aliona kwamba akisema "sijui" hawatamwita Rubani tena.

Mwaka huo mvua za masika zilinyesha kupita kiasi. Maji yalibomoa madaraja kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, na mabasi yakakwama. Habari hiyo ilimtisha sana jirani yao, Mama Benedikto. Mtoto wake Benedikto, ambaye hata kutembea alikuwa bado, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akinyonya alihema kama aliyekimbia, na midomo yake ilibadilika rangi. Madaktari wa Dar es Salaam walikuwa wamepanga kumpasua, na alitakiwa kufika huko Ijumaa.

Jumanne jioni Mama Benedikto alikuja na mtoto mgongoni. Ziada alikuwa akichambua mchele barazani.

"Shikamoo, Mama Benedikto."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako wewe. Baba Benedikto yuko Lupaso shambani, ameniambia nitangulie. Hiyo Mbayuwayu inaruka lini kutoka Mtwara? Nilitaka nikamuulize wakala wa tiketi pale stendi, lakini nikasema, ya nini kwenda mbali wakati Rubani yuko hapa?"

Ziada alikumbuka ukurasa wa ratiba katika jarida. "Alhamisi asubuhi," alisema.

"Una hakika? Na tiketi?"

Alijua jarida lile ni la zamani. Lakini Mama Benedikto alikuwa akimtazama kwa matumaini makubwa. "Nina hakika," alijibu. "Jana nimeangalia kwenye mtandao kwa simu ya mjomba. Tiketi utakata palepale uwanjani."

Haikuwa kweli. Jana hakushika simu ya mtu yeyote.

Jumatano Mama Benedikto alipanda basi la Mtwara, njia ambayo mvua haikuikata. Usiku ule Ziada hakupata usingizi mzuri, ila alijiambia kwamba huenda ratiba haijabadilika.

Alhamisi mchana, alipokuwa amerudi nyumbani kula, simu ya mama yake iliita. Sauti ya Mama Benedikto ilisikika hadi alipokaa Ziada.

"Mama Ziada, niko uwanja wa ndege. Hakuna Mbayuwayu hapa! Mlinzi ananiambia haijatua Mtwara tangu mwaka jana. Mtoto anahema vibaya, sijui nishike njia gani."

"Pole, mwenzangu," alisema Mama Ziada. "Labda hukumwelewa vizuri Ziada. Labda alikutajia mji mwingine."

Ziada aliacha kula. Angenyamaza tu, kosa lingekuwa la Mama Benedikto. Alisikia mtoto akilia ndani ya simu, kilio chembamba kinachokatika katikati. Akaanza kulia na yeye.

"Mama, alinielewa vizuri. Nilimwambia Mtwara. Nilimwambia nimeangalia kwenye mtandao, na sikuangalia."

Mama yake alimtazama. Kisha akasema kwenye simu, "Umesikia mwenyewe, Mama Benedikto. Mpeleke mtoto hospitali hapo Mtwara sasa hivi. Ya ndege tuachie sisi."

Wakaenda mbio shuleni kwa Mwalimu Ambrosi. Mwalimu alipiga namba ya Mbayuwayu. Dada aliyepokea alieleza kwamba ndege mbili zinasubiri injini na moja imerudishwa kwa mwenye nayo. Zilizobaki zinapelekwa kwenye njia zenye abiria wengi, na Mtwara ilikuwa ya kwanza kuachwa. Mwalimu akatafuta shirika lingine. Lilikuwapo, lakini nauli yake ilikuwa ya juu. Jioni hiyo Mama Ziada alipita nyumba hadi nyumba kuomba mchango, na Ziada alifuatana naye. Kila mlango ulipofunguliwa, mama yake alimwambia, "Eleza." Naye alieleza mwenyewe alichofanya. Wapo waliomhurumia. Wapo waliotikisa vichwa tu.

Nauli ilipatikana, lakini Ijumaa Benedikto hakuweza kusafiri. Alikuwa amewekewa oksijeni, na daktari alikataa aondolewe kitandani. Nafasi yake kule Dar es Salaam ikapewa mtoto mwingine. Siku zile Ziada alikula kwa shida. Kila simu ilipoita, alitoka nje asije akasikia habari mbaya.

Hatimaye mtoto alipata nafuu, akasafirishwa kwa ndege na muuguzi pembeni yake. Madaktari walimpangia siku nyingine, wakaliziba lile tundu. Mvua zilikuwa zimekwisha na barabara imetengenezwa Mama Benedikto aliporudi Masasi kwa basi, mwenyewe amekonda, mtoto akiwa na kovu refu kifuani.

Mama Ziada alimpeleka binti yake kwa jirani. Ziada alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, Mama Benedikto. Naomba unisamehe. Nilikudanganya."

Mama Benedikto alimfunika mtoto kanga, kisha akamwambia Ziada ainuke, akae mkekani.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Pale uwanjani nilidhani mwanangu ananifia mikononi. Nimekusamehe, lakini nataka unielewe. Kutojua si kosa. Hata mimi sikujua, ndiyo maana nilikuja kukuuliza. Ungeniambia 'sijui', ningekwenda stendi kwa wakala, naye angenieleza ukweli siku ileile. Lakini wewe ulinijibu, kwa hiyo nikaacha kuuliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Basi mshike mdogo wako, nipike."

Ziada alinyoosha mikono, akampokea Benedikto taratibu, akiogopa kuligusa lile kovu. Mtoto alimtazama usoni, akapiga miayo, akalala. Alikuwa anapumua vizuri.