Niliacha Kijerumani Changu Nikalinda Kifaransa Chao

Nina miaka ishirini na miwili. Nyumbani kwetu ni Bahati, lakini kwa sasa naishi na shangazi yangu huku Kariandusi, ambako tuna kibanda cha chai na chapati kando ya barabara. Watu husema mimi ni mtu wa kucheka. Ni kweli, nacheka sana! Lakini magari ya watalii yakipita kwenda kuona yale mawe ya watu wa kale, kicheko hunikauka mdomoni...

Wasomaji wenzangu, ngoja niwaeleze kwa nini.

Nikiwa shule ya msingi tulipelekwa mbugani, Ziwa Nakuru. Wenzangu wanakumbuka vifaru. Mimi nakumbuka mwanamke mmoja, mweusi kama mama yangu, amevaa kofia pana ya rangi ya udongo, anawasimulia wazungu mambo kwa Kijerumani na wazungu wanacheka hadi wanashika tumbo. Nilisahau hata kula mkate wangu. Nikajiambia, huyo ndiye mimi!

Basi nilipoingia sekondari, shule ya kutwa mjini Nakuru, tuliambiwa kila mtu achague lugha moja ya kigeni, Kifaransa au Kijerumani. Zote mbili zilifundishwa kipindi kimoja, kwa hivyo hungeweza kusoma zote. Mimi sikusita. Kengele ikilia, watu wa Kijerumani tulibeba vitabu vyetu tukaenda kile chumba kidogo nyuma ya maktaba. Watu wa Kifaransa walibaki darasani.

Na darasani ndiko walikobaki watu wawili niliowapenda kuliko wote duniani.

Wa kwanza alikuwa Chepkoech. Boma lao na letu kule Bahati yanatenganishwa na shamba moja la viazi tu. Tumekunywa uji kikombe kimoja tangu tukiwa watoto. Wa pili alikuwa Baraka. Baraka alikuwa mrefu, ana kishimo shavuni, na kila Ijumaa alininunulia smokie, ile soseji ya mkokoteni, pale nje ya geti. Mnacheka? Kwangu mimi ile smokie ilikuwa pete ya uchumba!

Kijerumani nacho kilinikubali. Mwalimu Oduor, ambaye tulimwita Herr Oduor, alisema ulimi wangu ulizaliwa tayari. Shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja huko Ujerumani, na kila mwaka wanafunzi wachache wa kidato cha tatu walienda kuitembelea. Herr Oduor ndiye aliyewachagua. Siku moja akaniambia mbele ya darasa lote nimwambie mama aanze kutafuta cheti changu cha kuzaliwa, kwa ajili ya pasipoti. Jamani! Siku hiyo nilifika nyumbani bila kukumbuka nilipita njia gani.

Mngefikiri msichana kama huyo analala usingizi mtamu...

Lakini jioni tulikuwa tunatembea watatu kwenda steji ya matatu, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuoza. Baraka alikuwa akisema kitu kwa Kifaransa, polepole, macho yake kwa Chepkoech. Chepkoech alikuwa akijibu haraka haraka huku akicheka kidogo. Maneno yenyewe yalikuwa yale yale kila siku, mimi nilisikia kama "aret, sasufi". Kwa masikio yangu yalikuwa matamu kama asali. Na mimi, mjinga wa watu, nilicheka nao! Nilicheka mzaha nisiojua unamhusu nani.

Nikiuliza wanasema nini, Baraka alikuwa na jibu lake tayari.

"Ah, Shiru, ni homework tu. Wewe enda na hicho Kijerumani chenu cha watu wanaogombana."

Wivu ni kama mdudu wa viazi. Kwa nje kiazi kinang'aa, ukikikata ndani ni cheusi. Nilianza kuhesabu vicheko vyao. Nikiwa kule nyuma ya maktaba, Herr Oduor anafundisha, masikio yangu yalikuwa darasani kwa akina Baraka. Msichana mmoja akaniambia pale kwenye mfereji, tukichota maji, nikae chonjo, eti Kifaransa ni lugha ya mapenzi na mtu hawezi kuisoma bila kupenda jirani yake. Nami nikaamini! Nani angeamini upuuzi kama huo isipokuwa mwenye wivu?

Mwanzoni mwa kidato cha pili nikaamua kuhamia Kifaransa. Shule ikakataa. Vitabu viligawanywa kwa idadi ya wanafunzi, hivyo ningehama tu kama mtu wa Kifaransa angekubali kubadilishana nami.

Mmeshajua nilimwendea nani...

Tulikuwa shambani kwao, tunaokota viazi vilivyobaki baada ya mavuno. Nilimwambia Chepkoech atoke katika lile darasa, niingie mimi. Alisugua udongo kwenye kiazi. Kisha akasema, "Shiru, lakini Kijerumani ndio maisha yako."

"Kama huna cha kuficha, nipe hicho kiti."

Alinitazama tu. Nikadhani ni macho ya mtu aliyekamatwa.

"Sawa," akasema. "Chukua."

Kesho yake asubuhi alivileta vitabu vyake vya Kifaransa, akavipanga juu ya dawati langu. Herr Oduor hakunigombeza. Aliniuliza tu ni nani aliyenidanganya, halafu akageuka akaendelea kufuta ubao. Hadi leo mgongo ule nauona.

Na mimi nilikuwa na furaha! Nilikuwa nimeshinda! Wiki zile za kwanza nilimfundisha Chepkoech salamu za Kijerumani tukitembea kati ya mashamba, maana alikuwa ameanza nyuma ya wenzake na nilimwonea huruma. Alishika haraka kuliko nilivyotarajia.

Huku kwa Kifaransa nilikaa kando ya Baraka kama mlinzi wa benki. Ajabu ni kwamba Kifaransa chake kitamu kilikwisha. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Nami sikuelewa kitu, wenzangu wako mbali mbele, nimekaa tu kama mgeni wa harusi asiyemjua bibi wala bwana.

Mchana mmoja darasa lilikuwa na kelele. Madam wetu wa Kifaransa akaingia, akagonga meza kwa dasta.

"Arrêtez! Ça suffit!"

Darasa likawa kimya. Mimi nikainua kichwa. Niliyajua maneno yale... Yalikuwa maneno ya Chepkoech, yale ya njiani kila jioni! Nikamgusa msichana wa mbele yangu, nikamuuliza maana yake.

"Wacheni. Imetosha," akanijibu.

Wasomaji, mmewahi kuona dunia ikipinduka na nyinyi mmekaa tu kwenye dawati? Zile jioni zote rafiki yangu hakuwa anamwaga asali. Alikuwa anamkataza! Alikuwa akisimama kando yangu, akinilinda mbele ya macho yangu, na kicheko kile kilikuwa cha kunifichia aibu.

Nikamgeukia Baraka, nikamuuliza kwa sauti ya chini alikuwa akimwambia nini Chepkoech. Hakuacha hata kuchorachora jalada la kitabu chake.

"Hiyo ni zamani, Shiru. Si alikataa?"

Si alikataa! Kama mtu anayenipa pole!

Jioni nilimngoja Chepkoech getini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza, "Ningekuambia, ungeniamini?" Jibu tulilijua sote wawili.

Mtauliza kwa nini sikurudi kwenye Kijerumani. Ningerudije? Ningemtoa Chepkoech tena, kama kiti cha plastiki kinachosogezwa huku na huku? Na kabla mwaka haujaisha alikuwa anaongoza lile darasa. Kisha ikafika siku ambayo Herr Oduor alimwambia mtu atafute cheti cha kuzaliwa... na mtu huyo hakuwa mimi.

Alienda Ujerumani tukiwa kidato cha tatu. Mama yangu, kwa kuwa Bahati ni baridi na ana sweta nzito, alimpa ile yake nyekundu aliyoifuma mwenyewe. Chepkoech akaniletea picha, amesimama kwenye theluji, anacheka. Nilitazama ile sweta. Hata sweta yetu ilifika Ujerumani, nikabaki mimi!

Hapo ndipo nilipojua kwamba wivu wa mwanamume ni mchezo wa watoto. Wivu wa ndoto yako mwenyewe ikiwa imevaliwa na mwingine... huo hauna dawa. Nikaacha kutembea naye. Nikabadilisha njia ili nisimsikie akikariri. Mtihani wa mwisho ulipokuja, Kifaransa kilinitupa, na masomo mengine yakakifuata. Baraka nasikia yuko Naivasha, mtaa wa Kihoto. Sijui na nani, wala siulizi.

Juzi gari la watalii lilisimama mbele ya kibanda chetu. Akashuka mwanamke amevaa kofia pana, ya rangi ya udongo.

"Niaje, Shiru," akasema Chepkoech.

Nilimjibu poa, mikono imejaa unga. Akawaita wageni wake, wazee wa Kijerumani, akawaambia neno kwa lugha yao. Nilielewa lote! Aliwaambia kwamba mimi ndiye mwalimu wake wa kwanza, na kwamba Kijerumani chake chote kilianzia njiani, kati ya mashamba ya viazi, kwangu mimi.

Bibi mmoja mzungu akanishika mkono, akaniuliza kwa upole ni nani aliyenifundisha mimi. Jibu lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini wivu ulikataa nilitoe... Nikamwambia kwa Kiswahili, "Karibuni chai," nikageuka kumimina.

Walipokuwa wanaondoka wakataka kutupiga picha. Chepkoech akavua kofia yake, akanivisha mimi, akanikumbatia.

Kofia ilinitosha kabisa. Hicho ndicho kilichoniuma.

Dada zangu, kaka zangu, nawaomba. Moyo ukikuwasha, muulize mtu wako waziwazi, kwa lugha unayoijua. Swali langu lilikuwa la Kiswahili tu! Na usikiache kiti chako uende kulinda cha mwenzako, kwa maana chako hakitabaki wazi kikikungoja.

Mimi kila jioni nikiosha vikombe namjibu yule bibi. Namjibu kwa Kijerumani, vizuri, bila kukosea hata neno... lakini gari lao lilishaondoka.