Kisimamishi na Mguu wa Mhoja

Kisimamishi, mashine ya kuwatembeza waliopooza, kilipiga goti kama ngamia, kikamkumbatia Mhoja Lubasha pale benchini, kikamwinua. Mafupa yake ya nje, membamba na meusi kama fimbo za mpingo, yalimshika tangu kiunoni hadi nyayoni. Mikanda laini ikajikaza yenyewe mapajani, kwenye ugoko na juu ya kisigino. Kisha mashine ikasema kwa sauti ya upole, "Tupande." Na mtu ambaye hakuwahi kupanda ngazi tangu alipoanguka kutoka mtini akirina asali, akaanza kupanda ngazi za Chuo cha Tiba na Mitambo cha Tabora Mpya. Wahadhiri wakapiga makofi. Wapishi wakatoka jikoni na miko yao mikononi, ugali ukaachwa uungue.

Pembeni ya ngazi zile palikuwa na mteremko wa saruji wa kupitisha viti vya magurudumu. Ulivunjwa juzijuzi tu. Profesa Kihwele, mkuu wa kitengo, alisema mji huu kila mlemavu atatembea, sasa mteremko wa nini? Mahali pake wakapanda mawaridi.

Kwa hiyo Daktari Sihaba Pazi, ambaye ndiye aliyeiandikia mashine ile akili yake ya kwanza, aliitazama ikipanda akiwa chini, kwenye kiti chake cha magurudumu, jua likimchoma utosi.

Sihaba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Ukuta wa shule ulimwangukia utotoni, ukamvunja uti wa mgongo. Shahada zake alizisoma akibebwa mgongoni na wenzake, ghorofa kwa ghorofa, na siku wenzake walipochoka alikaa uani akasikiliza mihadhara kupitia dirishani, pamoja na kuku wa mlinzi. Huko uani ndiko alikoapa kwamba utafiti wake wote utakuwa wa vifaa vya watu wenye ulemavu. Akaufanya mpaka mvi zikamtoka, huku wenzake wakipandishwa vyeo kwa kuandika habari za madini ya mwezini.

Mazoezi yalipokwisha, Mhoja alipelekwa chumba cha chini kupumzika, maana kesho yake Waziri angekuja kuzindua. Sihaba akamfuata.

"Mnyamwezi, leo umenoga," akamwambia. "Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, na wewe mjukuu wao umebebeshwa vyuma."

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hutukanana hata msibani na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mhoja akajibu palepale, "Na babu zako walikaa mkekani wakitutazama tukipita. Naona wewe hujanyanyuka mpaka leo!"

Sihaba alicheka akashika tumbo. Halafu kicheko kikamkatika. Palikuwa na harufu mle chumbani, harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko.

"Bwana Mhoja, jioni unajikagua?"

Mtu asiyesikia miguu yake huishi kwa kioo. Kila jioni hujitazama nyuma ya mapaja, visigino, katikati ya vidole, maana jiwe dogo kwenye kiatu laweza kumla mguu naye anapiga soga. Sihaba hakuwahi kulala bila kioo chake.

"Nijikague nini? Mashine inanikagua. Kila asubuhi inasema hali ni njema."

"Vua nione."

"Kesho, Waziri akishaondoka."

"Vua, nasema!"

"Nisikilize kwanza, Daktari." Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Nilipokuwa kwenye kiti, watu walimsalimia mke wangu juu ya kichwa changu. Kinyozi alimuuliza yeye, eti mgonjwa anyolewe vipi? Leo nimesimama, kinyozi yuleyule ananiita mzee wangu. Na kiti chenyewe walishakichukua siku waliyonipa hii. Usinivue."

Vinyozi wa namna hiyo Sihaba aliwajua vizuri. Lakini mkono wake ulikwishafika kwenye mkanda wa kisigino. Soksi ilikuwa imenata. Aliilowesha kwa maji ya kunywa, akaibandua taratibu. Ndani palikuwa na nyama nyeusi, na katikati ya ile nyama kitu cheupe, ambacho hakuna kati yao aliyehitaji kuambiwa ni mfupa.

"Wala siumwi," Mhoja alinong'ona.

"Ndiyo maana kidonda kimefika hapo. Twende hospitali."

"Kesho moja tu, Mzaramo. Nipande mara moja, mke wangu anione."

Sihaba alisukuma kiti chake kwa nguvu mpaka viganja vikachubuka. Alimkuta Profesa Kihwele akijaribisha tai mbele ya kioo.

"Kidonda?" Profesa alisema. "Wanafunzi wote waliokijaribu Kisimamishi hawana hata mchubuko."

"Kwa sababu walipiga kelele! Uliwachukua vijana wa mpira, wenye miguu yao mizima. Mkanda ukiwauma wanaruka, wanasema inabana, kinalegeza. Wakinyamaza kinakaza kidogo, wasiyumbe. Akili unde hujifunza kwa mwili iliopewa, na kile kimejifunza kwamba aliyenyamaza ana raha. Mhoja atalalamikaje maumivu asiyoyasikia? Kinamkaza mpaka mfupani kikidhani kinamtendea wema! Nilikwambia tuwaite wenye ulemavu wenyewe, ukasema wanachelewesha kazi."

"Punguza sauti, dada yangu. Apande asubuhi, jioni tumpeleke hospitali. Na baraza linakaa kuhusu uprofesa wako. Nisingependa wasikie kwamba una hasira."

"Ninazo. Waambie. Ninazo tangu nilipoingizwa darasani kwako kama gunia la mkaa, ukaniambia nishukuru."

Profesa hakugombana naye. Alimwita muuguzi amfunge Mhoja kidonda na kumpulizia manukato, kisha akaamuru apandishwe nyumba ya wageni, ghorofani. Kisimamishi kikampandisha. Sihaba akabaki chini ya ngazi akimpigia Mhoja simu ambayo haikupokewa.

Asubuhi uwanja ulijaa. Waziri alisimama kileleni, mbele ya mlango mkuu, na Mhoja akaletwa chini akitembea, suti mpya, uso unang'aa kwa jasho la homa. Sihaba akakipitisha kiti chake katikati ya watu, akakiweka mbele ya ngazi.

"Hapiti mtu! Mnyamwezi huyu anaoza, hapiti!"

Watu wakaangua kicheko. Nani asiyejua kwamba mtani ana haki ya kuzuia njia hata ya maharusi? Akina mama wakapiga vigelegele. Waziri mwenyewe akacheka. Kadiri Sihaba alivyopaza sauti kwamba mguu umeoza, ndivyo walivyozidi kushangilia, na Mhoja naye akacheka pamoja nao.

"Kuna kikwazo," ilisema mashine kwa upole. "Nakizunguka." Ikamzunguka Sihaba, ikaweka wayo kwenye ngazi.

Hapo Sihaba akaona kwamba hasira yake yote imemezwa na kicheko. Akashusha sauti.

"Mhoja mwana wa Lubasha, sikutanii. Kama nakutania, nizikwe bila mtani."

Kiapo hicho hakitamkwi ovyo. Waliokuwa karibu wakanyamaza, mama mmoja akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mhoja akageuza shingo akamtazama, kisha akautazama umati, akamwona mkewe amesimama hasogei. Akafungua mkanda wa kiuno. Akafungua wa mapaja, wa ugoko, wa kisigino. Akashika ukingo wa ngazi kwa mikono yake ya kupandia miti, akajishusha, akakaa chini mbele ya Waziri na mbele ya watu wote.

Mashine ilisubiri kidogo. Haikusikia lalamiko lolote. "Hali ni njema," ikasema. "Tupande." Ikaendelea peke yake, tupu, ngazi kwa ngazi, goti baada ya goti. Waliokuwa nyuma, wasioona vizuri, wakaanza kupiga makofi. Ilipofika juu, Waziri alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

Mguu ule haukupona. Ulikatwa chini ya goti alasiri ileile. Lakini pale chini ya ngazi Mhoja alikuwa bado nao. Mkewe alikuwa amepiga magoti ameukumbatia, na Sihaba alikuwa akiliita gari la wagonjwa kwa sauti ambayo sasa hakuna aliyeicheka. Mhoja aliinua macho kuelekea kule juu, makofi yalikokuwa yanazidi.

"Kumbe," akasema, "hakikunihitaji."