Shingo ya Shangazi

Haya, wajukuu, fumbueni hiki: nyumba yangu ina milango saba, lakini imesimama juu ya nguzo moja tu. Nguzo ikiugua, nyumba nzima hununa. Ni nini?

Kidomo alijua kuwa ni kichwa na shingo, maana nguzo mbovu aliishi nayo. Kila asubuhi kabla ya shule alimpangia shangazi yake vitambaa kando ya cherehani, kisha akarudi nyuma hatua mbili, asije akafokewa. Shangazi aliinamia cherehani ile miaka kumi na tisa, hata shingo ikakakamaa mpaka mabegani. Akiitwa, hakugeuza kichwa. Aligeuka mzima mzima, kama kabati linalohamishwa.

"Wifi yangu anajifanya," Mama alizoea kusema, kwa sauti ya kusikika. "Siku ya kufua ndiyo shingo inauma."

"Na wewe mdomo hauumi siku yoyote," Shangazi alijibu.

Siku hiyo walikuwa hospitali wote watatu, wamenuniana. Daktari alikuwa amemchoma Shangazi sindano nyembamba ya ganzi kando ya kiungo kimoja cha shingo, huku akitazama mifupa kwenye kioo cha eksirei.

"Hii si tiba bado, ni kipimo," alisema. "Maumivu yakipungua, tumejua yanatoka hapo. Ulisema ni tisa kwa kumi. Nitarudi kuuliza."

Baada ya nusu saa alirudi. "Sasa ni ngapi?"

Shangazi akakaza midomo. Mama akaguna. "Ngoja usikie imepona kwa sindano ya mbu. Si nilisema anajifanya?"

Shangazi akamtupia jicho kali, kisha akamfinya Kidomo. "Mwambie inauma vile vile," akanong'ona.

"Inauma vile vile, daktari," Kidomo akasema.

Daktari akachukua kalamu. "Basi si hapo. Nitaandika tuachane na kiungo hiki."

Kidomo akaiona ile kalamu ikishuka. "Usiandike. Nimedanganya. Shangazi amemtazama Mama kwa kugeuza kichwa peke yake. Mabega hayakutikisika."

"Nitakushona huo mdomo," Shangazi akamgeukia, na wote wakaona: kichwa tu ndicho kilichogeuka.

"Maumivu kupungua si kwamba yalikuwa ya uongo," daktari akamwambia Mama. "Ni kwamba tumeyakuta nyumbani kwao. Usimshitaki tena mtu anayeumwa." Mama akatazama sakafu. "Tutarudia kipimo siku nyingine. Kikijibu hivi hivi, tutauzima mshipa mdogo wa fahamu kwa ncha ya sindano yenye joto, bila kupasua. Lakini sindano yangu inaongozwa na maneno yenu. Mkinidanganya, nitachoma pasipohusika. Binti huyu ameogopa, akadanganya, kisha akausahihisha uongo wake kabla haujamuumiza mtu. Mwigeni. Haya, mwenye shingo, nauliza mara ya mwisho: ngapi?"

Shangazi akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, polepole, kama mtu anayejaribu nguo mpya. Kikaishia kwa Mama.

"Mbili," akasema. "Moja ya shingo, moja ya wifi yangu."