Diski Mbili, Namba Moja

Kila Jumamosi asubuhi nilifuatana na shangazi yangu, fundi wa kompyuta, kwenda zahanati. Yeye alihangaika na mashine, mimi nilifuta vumbi na kuuliza maswali mpaka aseme, "Wee mtoto, utanipasua kichwa!"

Siku ile alileta diski mpya ya kuwekea nakala za mafaili ya wagonjwa. Akaniachia niifomati, yaani niiandae kupokea mafaili. "Kila diski ina namba yake ya utambulisho," alisema. "Usiiandike wewe. Acha kompyuta itunge yenyewe." Kisha akaenda kutazama printa chumba cha pili.

Basi mimi na ujuaji wangu! Niliona namba ndefu imebandikwa kwenye diski ya zamani, ile yenye mafaili ya wagonjwa, iliyokuwa bado imechomekwa, nikainakili tarakimu kwa tarakimu. Kompyuta ikaipokea bila ubishi.

Shangazi aliporudi aliuliza, "Umeacha itunge yenyewe?"

"Ndiyo, shangazi." Uongo ulinitoka kirahisi mno.

Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Mara nesi akaingia mbio.

"Fundi, mafaili yako wapi? Naona patupu! Kuna mtoto anahema kwa shida. Mama yake hakumbuki ni dawa ipi ilimvimbisha koo mwaka jana. Daktari anaogopa kumdunga sindano."

Shangazi alikagua nyaya, akabonyeza hapa na pale. Patupu. Kupitia ukuta nilimsikia yule mtoto akivuta pumzi kwa mluzi mwembamba, kisha kimya, kisha mluzi tena. Kila kimya kilizidi kurefuka.

"Shangazi, nimekudanganya," nikasema. "Diski mpya nimeipa namba ya ile ya zamani."

Hakunifokea. Alizima kompyuta, akachomoa diski mpya, akawasha. Tulisubiri. Majina yakaanza kujipanga kwenye kioo. Nesi alisoma jina la dawa mbaya kwa sauti, akatoka mbio.

Baada ya muda mrefu, mluzi ulikoma na mtoto akalia kwa nguvu. Hapo ndipo shangazi alipoketi.

"Kompyuta huitafuta diski kwa namba," alisema. "Ikikuta mbili zinalingana, inaweza kushika yoyote. Leo imeshika ile mpya, iliyo tupu. Kukosea nakusamehe, mwanangu, hata mimi nimekosea sana. Lakini nilikuuliza. Ungesema kweli, ningerekebisha palepale. Dakika ulizokaa kimya zilikuwa za yule mtoto."