Matawi Katika Barabara ya Ndabibi

Mkono uliogonga kioo cha gari la Hafiz ulikuwa na hina mpya, na ulishika mfuko wa bizari. Ilikuwa Jumamosi, katika kituo cha mafuta karibu na soko la Wakulima, Nakuru. Pikipiki zilipishana na mikokoteni ya viazi, na kila mtu alikuwa anampigia mwenzake honi.

"Boss! Tairi yako ya nyuma imeisha upepo!"

Hafiz hakufungua. Alibonyeza kufuli, milango yote minne ikalia kwa pamoja, akatazama mbele kama mtu aliyekodolea macho taa za barabarani, ingawa pale hapakuwa na taa.

Mwenye mkono aliitwa Najwa. Alikuwa amevaa dera la zambarau lenye maua meupe, leso ameifunga kiunoni kikazi, kwa maana kazi yake ilikuwa kupikia watu pilau za harusi. Ubavuni mwake alisimama bintiye Shukri, mtoto wa chekechea, anatafuna muwa.

"Boss, ni wewe naongelesha!"

Kioo kilishuka upana wa kidole kimoja. "Asante, dada. Nimekusikia. Tafadhali jitenge na gari langu."

"Nijitenge? Kwani nimelilalia?"

Wahudumu wa pampu wakacheka. Hafiz alitia gia akaondoka kwa heshima zote, tairi likipiga lami pa, pa, pa, hadi likakataa kabisa kabla hajafika barabarani. Kicheko kikawa cha kituo kizima. Akashuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikononi, na uso umemwiva kwa aibu.

"Nisamehe, bibie," alisema. "Nilikokulia mimi, mtu akikuambia tairi limepasuka, ukishuka tu gari si lako tena."

"Kulikuwa wapi huko?"

"Johannesburg."

"Na hii Kiswahili yako ya redio umetoa wapi?"

"Kwa mama. Amezaliwa hapa hapa Bondeni."

"Bondeni! Si ungesema wewe ni wa kwetu, uwache kufungia watu vioo." Najwa akamgeukia mtoto. "Shukri, salimia Bwana Kioo."

Jina likaganda.

Hafiz alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, ameajiriwa na shamba moja la maua upande wa pili wa Ziwa Naivasha. Kila asubuhi baba yake alimpigia kutoka Johannesburg, na kila asubuhi maneno yalikuwa yale yale: vioo juu, milango loki, na ukiona mawe au matawi barabarani usisimame, hata akilia nani. Haikuwa mzaha. Hafiz alipokuwa kijana wa chuo alisimama kuondoa mawe njiani, akawekewa bastola shingoni, akarudi nyumbani kwa miguu bila gari na bila viatu. Tangu siku hiyo mikono yake hujua hofu kabla kichwa hakijajua.

Hayo yote Najwa aliyasikia kwenye simu, kidogo kidogo, maana siku ile ya tairi walipeana namba. Simu zao zilikuwa ndefu.

"Umekula, Bwana Kioo?"

"Nimekula, mpenzi. Lakini si kama chakula chako."

"Chakula yangu umekula mara ngapi, muongo wewe?"

"Moyo wangu umekula kila siku."

"Ala! Hiyo nayo mama alikufunza?"

Najwa alicheka hadi jirani akagonga ukuta. Ilikuwa muda tangu acheke hivyo. Baba yake Shukri alimwacha mtoto akiwa bado ananyonya. Alimwangalia machoni, akasema anaenda kutafuta kazi Garissa, akaoa huko huko. Kwa hiyo Hafiz alipokuja na zawadi, Najwa hakuangalia alichomletea yeye. Aliangalia alichomletea mtoto: gambuti za manjano za mvua, zinazong'aa kama maembe. Shukri alilala nazo.

Jioni ya siku hiyo ya gambuti Hafiz akamwambia, "Nipeleke kwa mjomba wako. Nataka kuja kuposa."

Najwa alizungusha ncha ya mtandio kidoleni. "Wacha nimalize harusi ya Milimani. Halafu nitakujibu."

Harusi ya Milimani ndiyo iliyompeleka Ndabibi, upande ule ule wa shamba la Hafiz, kutafuta vitunguu. Alikodi pikapu ya Mzee Gathogo, jirani yake, mtu mwenye koti la kijivu la kanisani ambalo alilivaa hata akibeba mbolea. Shukri alikataa kubaki. Wakati wa kurudi mvua iliwapata, na kwenye kona moja yenye kichaka klachi ikakatika.

"Imetuchezea," Mzee Gathogo alisema. Akashuka, akavunja matawi ya leleshwa, akayapanga barabarani nyuma ya pikapu, moja hapa, moja pale, jinsi kila dereva wa Kenya afanyavyo gari likimharibikia, ili anayekuja ajue kuna gari limesimama asiligonge. Harufu ya leleshwa iliyolowa ikajaa hewani.

Ndipo gari likatokea. Jeupe, lenye ua jekundu limechorwa mlangoni. Gari la shamba.

"Mzee, tulia!" Najwa alipaza sauti, moyo umemruka kwa furaha. "Huyo ni wangu!"

Akaingia barabarani. Buibui lilikuwa limemgandia mwilini, kichwani amejifunika mfuko wa nailoni. Mzee Gathogo alipunga mikono yote miwili. Na ili Hafiz asiwe na shaka yoyote, Najwa alimwinua Shukri juu kabisa, miguu yake ikining'inia kwenye mvua.

Gari lilipunguza mwendo. Kisha likanguruma, likapanda ukingo wa barabara, likawapita. Maji ya matope yaliwapiga usoni.

"Anko Hafiz ameenda wapi?" Shukri aliuliza.

Najwa alikuwa bado anasubiri taa nyekundu za breki.

Badala yake, baada ya muda, walikuja walinzi wa shamba na marungu. Walimlaza Mzee Gathogo kifudifudi kwenye matope akiwa na koti lake la kanisani, wakimuuliza bunduki iko wapi. Walipoona vitunguu ndani ya pikapu waliangaliana, wakapanda gari lao, wakaenda. Hakuna aliyesema pole.

Jioni hiyo simu iliita. Najwa alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya karai la maji moto, na Shukri akikohoa usingizini. Tangu afike alikuwa anaisubiri hii simu. Hakuniona, alijiambia. Mvua ilikuwa kubwa. Atauliza.

"Hallo, mpenzi. Mshukuru Mungu unaisikia sauti yangu! Leo nimeponea chupuchupu."

"Kumetokea nini?"

"Majambazi! Barabara ya Ndabibi. Wameweka matawi, vile vile baba anavyosema. Lakini leo hawakunipata, Najwa. Nilikanyaga mafuta, nikawaachia matope yao!" Sauti yake ilijaa ushindi. Alikuwa amesubiri miaka mingi kuisimulia hadithi hii ikiishia hivi.

"Walikuwa wangapi?"

"Mzee mmoja. Na mwingine amejitanda buibui, sijui mwanamume sijui mwanamke, hawa hujifanya. Amembeba mtoto juu! Watu gani hao, kutumia mtoto? Nikawapigia walinzi wakawashughulikie."

"Mtoto alikuwa amevaa nini?"

"Sikuangalia sana. Sweta hivi. Na gambuti za man..."

Upande wa Nakuru mtoto alikohoa.

"Malizia," Najwa alisema.

"Najwa."

"Malizia, Hafiz. Gambuti za nini?"

"Za manjano."

Alipolitamka neno hilo ndipo alipoziona, zikining'inia mbele ya kioo cha gari lake. Macho yake yalikuwa yameziona mchana. Ni yeye aliyekataa kuzitambua.

"Niliona hilo ua kwa mlango," Najwa alisema, polepole, bila kulia. "Nikaambia Mzee Gathogo, tulia, huyo ni wangu. Nikamwinua Shukri ndio umwone. Walinzi wako wakamlaza mzee kwa matope, mtoto akiangalia. Mtu rika ya baba yako!"

"Wallahi sikujua. Nilidhani matawi ni..."

"Matawi ni ya kukuambia usitugonge."

"Niliogopa, Najwa."

"Sijakukataza kuogopa. Hata mimi hiyo barabara naogopa. Ungesonga mbele, usimame mbali, uangalie na kioo ya nyuma, uite. Ningekujibu. Lakini wewe hata hukuniogopea. Umekaa mchana mzima ukifurahi, halafu unanipigia kuniringia." Alivuta pumzi. "Nilishaachwa mara moja na mtu akiniangalia machoni. Wa pili sitaki."

Simu ikakatika, na haikupokewa tena.

Aibu ina uzito wake. Hafiz aliibeba kazini, akaibeba mezani, akashindwa kuitua hata msikitini. Baba yake alipopiga asubuhi na kusema vioo juu, alijibu "ndiyo baba". Harusi ya Milimani ikapikwa, ikaliwa, ikaisha. Jibu alilokuwa ameahidiwa halikuja.

Kilichomwinua ni habari aliyoisikia kwa mhudumu wa pampu wa kituo kile: kwamba pale madereva wa pikapu wanapoegesha, karibu na soko, Mzee Gathogo sasa anaitwa Jambazi. Mteja akija kukodi gari, wenzake hupaza sauti, "Mchukue Jambazi, yeye bunduki yake ni vitunguu!" Mzee hucheka nao. Lakini koti la kijivu ameacha kulivaa.

Hafiz alikwenda Jumamosi, saa ambayo wote wapo. Aliliacha gari mbali, akatembea.

"Niaje, boss, unatafuta gari?"

"Namtafuta Mzee Gathogo." Akamwona, amekaa kwenye boneti. Akasimama mbele yake, na mbele ya wote, akapaza sauti. "Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyepiga simu. Mimi ndiye niliyekuita jambazi, nawe ulikuwa na gari bovu na mwanamke na mtoto. Niliona watu wenye shida nikaona wezi. Naomba unisamehe, na naomba hawa wenzako wanisikie, ili kama kuna jina la kucheka, wanicheke mimi."

"Ndio huyu Bwana Kioo!" mmoja akapiga kelele. "Kumbe ako na miguu!"

"Muulize kama amefunga milango ya suruali!"

Walicheka sana. Hafiz alisimama tu, masikio yakimwaka, akakubali kuchekwa. Mzee Gathogo hakucheka. Alimwangalia hadi kelele zikapungua.

"Kijana, koti yangu ilikuwa ya harusi yangu," alisema.

"Nitakununulia nyingine, mzee."

"Sitaki ingine. Nataka hiyo." Akateremka kutoka kwenye boneti. "Naenda Ndabibi sasa hivi na huyu mama wa pilau. Utabeba magunia. Panda nyuma."

Najwa alikuwa ameshafika, amesimama kando ya gunia tupu, amemshika Shukri mkono. Alikuwa amesikia yote. Alimpita Hafiz, akaingia mbele. Hafiz akapanda nyuma na upepo.

Alibeba viazi, akabeba vitunguu, shati jeupe likawa na rangi ya udongo. Wakirudi, kabla hawajatoka Ndabibi, pikapu ikakohoa mara mbili ikasimama.

"Klachi tena?" Najwa aliuliza.

"Hii sasa ni moto ya betri imepotea," Mzee Gathogo alisema akifungua boneti. "Na namba ya fundi iko kwa simu yangu, nayo imezima. Kijana! Unajua kazi yako?"

Hafiz alijua. Alivunja matawi ya leleshwa akayapanga barabarani, moja hapa, moja pale. Kisha akasimama ukingoni kupunga mkono. Gari la kwanza lilipita kwa kasi, vioo juu. La pili likampita kwa mbali, na akamwona dereva akibonyeza kufuli. Akaijua ile sauti hata bila kuisikia.

"Unaonaje?" Najwa aliuliza, amemjia nyuma.

"Najiona," alijibu.

La tatu lilipunguza mwendo. Lilisonga mbele hadi mbali kidogo, likasimama, injini ikiwaka. Kioo kikashuka upana wa kidole kimoja. Dereva alikuwa mwanamke, peke yake.

Hafiz hakulikimbilia. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akainua mikono mitupu ili ionekane, akaita kutoka alipokuwa: "Dada! Usishuke, usifungue! Umefanya vizuri kusimama huko. Gari letu limeharibika. Ukifika Karagita tuitie fundi tu, basi. Nenda salama!"

Kioo kikashuka zaidi, mkono ukatoka, ukapunga. "Sawa, nitawaitia!" Gari likaondoka.

Alipogeuka, Shukri alikuwa amesimama kati ya matawi na gambuti zake za manjano, akimwangalia kama anayepima kitu.

"Anko Hafiz, sasa unatuona?"

Alichuchumaa matopeni hadi macho yao yakalingana. "Nakuona, mama. Nakuona vizuri."

Najwa aligeuza uso kuelekea ziwani, akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akachukua muda wake. Alipoongea, sauti ilikuwa ile ya simu zao za zamani.

"Mjomba hukaa nyumbani Ijumaa baada ya swala. Kuja na Mzee Gathogo, akusemee."

"Mimi?" mzee aliita kutoka kwenye boneti. "Nitaenda, lakini ni lazima kwanza mtu anifulie koti!"

"Nitalifua mimi," Hafiz alisema.

"Kwa mkono," Najwa akaongeza. "Na ukiingia Bondeni, Bwana Kioo, shusha vioo vyote. Watu wakuone."