Gunia Lililoshonwa Mdomo

Ko, ko, ko. Majogoo wa mtaa wa Makanyagio walikuwa bado wanajibizana gizani, na tayari mwiko wa Josefina ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria ya uji. Ndani, Angela wa miaka kumi na mdogo wake Alex walikuwa wamelala. Uji ungepozwa, maji ya kuoga yangepashwa, viatu vingesuguliwa, na mikono ya kufanya yote hayo ilikuwa ya mama yao peke yake. "Nyie someni tu," ndivyo alivyozoea kuwaambia. Nyumba ilikuwa na amani, ndugu zangu, na Josefina aliipenda amani hiyo.

Ilikuwa Jumamosi. Kulipokucha akamwita Nestori, mwendesha bodaboda wa mtaani, apeleke gunia la mpunga Kasokola kwa Bibi Libérate. Zamani, kabla hawajahamia mjini, bibi huyo alikuwa jirani yao. Ndiye aliyembeba Angela mgongoni msimu mzima Josefina alipokuwa akipalilia mahindi. Baada ya mavuno ya mwaka huu Josefina alishamtumia gunia moja, na sasa alitaka kuongeza la pili.

Nestori akalitazama gunia bila kulinyanyua.

"Mama Angela, lile la kwanza liko palepale nilipoliegemeza. Nilipita juzi, mdomo umeshonwa vilevile."

"Kwani hali?"

"Nilimkuta anakula kiazi. Kimoja tu, na bado akanimegea nusu."

Angela, aliyekuwa ametoka nje na kikombe chake cha uji, akacheka. "Basi hapendi wali. Tule sisi."

Josefina hakucheka. "Leo tunakwenda wenyewe."

"Kufanya nini?"

"Kumsaidia Bibi."

"Tutapewa nini?"

Mtoto hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeuliza saa, na hapo ndipo mama yake alipoingiwa na hofu. Alimwona binti msafi, mwenye akili darasani, ambaye mikono yake haijawahi kumfanyia mtu lolote. Kama yuko hivi na miaka kumi, atakuwaje akiwa mama wa watu?

Nestori akamwita mwenzake, wakaondoka kwa pikipiki mbili. Gunia la pili wakaliacha nyumbani.

Bibi Libérate aliwapokea mlangoni. "Bwakeye," alisalimia kwa Kirundi chake, kisha akageukia Kiswahili. "Karibuni, karibuni. Na huyu ndiye Angela? Aliyekuwa akinivuta masikio kama kamba ya mbuzi?"

Angela akatazama chini, lakini tabasamu lilimponyoka.

Gunia lilikuwa nyuma ya mlango. Josefina alipouliza, Bibi akauinua mkono wake wa kulia taratibu. Kiwiko kilikuwa kizima, ila kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Alikuwa ameteleza kisimani wakati wa masika.

"Mchi unanishinda, mwanangu. Mashine ya kukoboa iko ng'ambo ya mto, na gunia halina miguu."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Mtu akupe mpunga, halafu umwambie njoo unitwangie? Ungesema kizee hiki hakina shukrani."

Josefina akakaa kwenye kigoda. Kwao Mpimbwe, mtu wa heshima hupewa mpunga, si mchele, kwa sababu mpunga hukaa, na mwenye nao ana chakula na mbegu pia. Alitoa kama alivyofundishwa, tena kwa moyo mweupe. Hakujiuliza nani atautwanga. Mnaona, ndugu zangu? Zawadi ilifika, njaa ikabaki.

"Angela, lete kinu. Alex, chukua ndoo."

Basi hapo kazi ikaanza, na kicheko nacho kikaanza. Pigo la kwanza la Angela lilipiga ukingo, punje zikaruka, na kuku wakaja mbio kutoka kila upande.

"Kuku wa jirani leo wamepata Krismasi," Bibi akasema.

Alex alirudi kutoka kisimani na nusu ndoo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye kaptula yake.

"Usipigane na mchi, mama," Bibi alimwelekeza Angela. "Wewe nyanyua tu. Kushuka unakujua wenyewe."

Josefina akashika mchi wa pili. Wakapokezana, wa mama unapanda, wa binti unashuka, hadi kinu kikaanza kuimba. Bibi naye hakukubali kukaa bure. Aliweka ungo magotini, akapepeta kwa mkono wa kushoto, na pumba zikamwangukia Alex kichwani hadi akafanana na mzee.

Wali ulipoiva, kwa maharage, Josefina alijua kitakachofuata. Nyumbani Angela ndiye hunyoosha sahani kwanza. Lakini mtoto alichukua birika, akapiga magoti mbele ya kizee, akasema kwa sauti ndogo, "Nawa, Bibi."

Hakuna aliyemtuma. Josefina alibaki ameshika mwiko, akasahau kupakua.

Jioni, wakifunga safari, Angela alifungua kiganja. "Mama, tazama lengelenge."

"Linauma?"

"Linauma. Lakini gunia bado halijaisha."

Siku hizi wanakwenda kila Jumamosi. Kwanza walimpeleka Bibi hospitali, na kifundo sasa kinapungua uvimbe. Watoto wa majirani nao wameanza kuomba kufuatana nao, na nyumbani Angela huamka akisikia mwiko, akapoza uji wa mdogo wake.

Funzo

Wazazi wenzangu, mtoto hafundishwi huruma kwa kuambiwa. Hufundishwa kwa kwenda na nyie, ashike mchi, amwage maji, achekwe kidogo, aone uso wa mtu aliyeshiba kwa jasho lake. Tukiwafanyia kila kitu tunawanyima kitu kikubwa. Na ukitoa, toa na miguu yako pia. Tuma gunia ukishindwa kufika, lakini usilifanye gunia litembelee watu badala yako.

Mkisahau haya yote, kumbukeni Bibi Libérate jioni ile. Aliwasindikiza hadi njia panda, mkono mzima ukiwa begani kwa Angela, na pikipiki zilipowaka akasema:

"Mchele usipokuwepo, tutakula viazi. Nyie njooni tu."