Zawadi wa Kwenye Simu

"Bedan, Zawadi ni nani?"

Mashine ya kukata vyuma ilinyamaza. Bedan aliinua miwani ya kazi, akaona simu yake mkononi mwa Syokau, uso ukambadilika.

"Zawadi gani?"

"Usinichezee. Zawadi huyu wa kwa simu yako!"

Syokau alikuwa ametoka Kamenu, Thika, anakofundisha hesabu, akaja hadi karakana ya Ruiru bila kumwambia mtu. Wiki tatu nzima mchumba wake alikuwa hashiki simu, na akishika ana haraka kama aliyeacha chungu motoni. Keshokutwa, Jumamosi, wazee wa Bedan walikuwa waende Matuu kwa baba yake kupeleka mbuzi wa ntheo, na kwa Wakamba mbuzi hao wakipokelewa, basi yeye ni mke wa mtu. Alitaka kujua mapema anaolewa na nani. Sasa alijiona amejua.

Alisoma kwa sauti, mafundi wa jirani wasikie wakitaka.

"'Zawadi, mbona ulirudi kwa mumeo na moyo wako uko kwangu?' Huyo ni wewe. Naye anajibu, 'Nilirudi kwa sababu ya watoto wangu wawili, lakini bado nakuwaza.' Bibi ya mtu, Bedan! Na watoto!"

"Syokau, wacha nikuexplainie..."

"Zii. Ataniexplainia mwenyewe."

Akabonyeza alama ya kipaza sauti.

"Wewe Zawadi! Mimi ni Syokau, mchumba wa Bedan. Achana na bwana yangu!"

Simu ikajibu kwa sauti laini ya kike:

"Pole, Syokau. Je, tuendelee na igizo, au Bedan yuko tayari kwa swali la pili kuhusu maudhui ya usaliti?"

Syokau aliitazama simu, kisha akamtazama Bedan.

"Hii ni nini?"

"Ni AI. Zawadi ni mhusika kwa tamthilia ya mtihani. Niliiambia ijifanye yeye, mimi nikuwe yule mpenzi wake, ndio story ishike kwa kichwa. Lakini lazima niangalie kitabu pia, juu saa zingine inajitungia. Kwa kitabu Zawadi hana mtoto hata mmoja."

Akatoa kitabu kwenye sanduku la vifaa, kimejaa mafuta na maandishi ya penseli. Syokau alitaka kucheka kwa aibu, lakini hesabu ilikuwa haijatimia.

"Mtihani gani? Si uliambia baba uko na cheti cha form four?"

Bedan aliketi juu ya geti ambalo hajalimaliza.

"Niliachia form two. Nimejisajili, nafanya November."

Hapo ndipo ilipomuuma kweli, kuliko hata huyo Zawadi.

"Mimi ni mwalimu, Bedan. Mwalimu! Ukaambia simu, mimi ukanificha?"

"Simu haiwezi niacha."

Machozi yalimtoka, ya hasira na ya huruma pamoja. Akamrudishia simu.

"Pigia baba saa hii. Ukidanganya hata kidogo, wazee wako wabaki huko kwenu."

"Ngai! Syokau..."

"Piga. Weka loudspeaker."

Mzee Mutiso, baba yake Syokau, alimsikiliza Bedan hadi mwisho. Syokau alijongea karibu na simu. Alikuwa ametaka ukweli, lakini hakutaka kumpoteza mtu huyu.

"Kijana," mzee alisema, "nilijua. Mwenye cheti hakitaji mara tatu kwa kikombe kimoja cha chai. Ungefika hapa Jumamosi bado unadanganya, ningekurudishia mbuzi wako."

"Kwa hivyo nije, mzee?"

"Njoo. Na ukiogopa kitu, mwambie bibi yako kwanza."

Simu ikakatika. Syokau alijifuta macho kwa kiganja, akachukua kitabu, akasukuma vyuma kando ili apate pa kukaa.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Sogea. Leo mwache huyo mwanamke apumzike, uniulize mimi."